GRUB Inashika Diski Isiyo Yake: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Malalamiko haya huja kwa sura nyingi. Mmoja ametoa HDD akaweka SSD, lakini mashine bado inajivuta kama zamani. Mwingine kila akizima na kuwasha, faili za jana hazipo na masasisho yote yamerudi nyuma. Wa tatu ameachiwa skrini nyeusi yenye maneno `grub rescue>`. Mara nyingi wote watatu wana tatizo moja: kompyuta ina diski zaidi ya moja, na njiani mahali fulani imeshika isiyo yake.

Tangu ubonyeze kitufe hadi uone dirisha la kuingilia, diski huchaguliwa mara nne. Kwanza fimwea (BIOS au UEFI) huchagua diski ya kuanzia. Kisha GRUB, programu inayoanzisha Linux, hutafuta patisheni (kipande cha diski) yenye faili zake na keneli, yaani kiini cha Linux. Halafu keneli, ikisaidiwa na initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia), hupachika, yaani huunganisha ili itumike, patisheni ya mzizi iliyotajwa kwenye `root=`. Mwisho systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, husoma `/etc/fstab` na kupachika zilizobaki. Kila hatua ina anwani zake, zimeandikwa mahali pake, na kurekebisha moja hakurekebishi nyingine. Ndiyo maana ule ushauri wa "piga grub-install tu" huwasaidia wachache na kuwaharibia wengi: unagusa hatua ya pili, wakati pengine kosa liko ya kwanza au ya tatu.

Jambo moja huwachanganya hata mafundi wazoefu. GRUB ina kigezo chake kinachoitwa `root`, yaani patisheni ambayo GRUB yenyewe inasoma faili. Hicho si kile `root=` kinachopewa keneli. GRUB inaweza kusoma keneli kutoka SSD na kuiambia keneli hiyohiyo ipachike mzizi ulioko HDD, na isione tatizo lolote.

## Anza hapa, dalili yoyote iwayo

Chomoa flashi, diski za nje na kadi za kumbukumbu. Zima kabisa, washa tena. Tatizo likiisha hapo hapo, ruka hadi dalili ya nne.

Kama mashine inafika kwenye mfumo wowote, hata usio sahihi, fungua terminali:

```
findmnt /
cat /proc/cmdline
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE,UUID,PARTUUID,MOUNTPOINT
ls /sys/firmware/efi
```

Amri ya kwanza inakuonyesha mzizi unaotumika sasa hivi. Ya pili inaonyesha keneli iliambiwa nini. Ya tatu ni orodha ya diski zote na namba zao. Ya nne, ikijibu kwamba folda haipo, mashine imewaka kwa BIOS ya zamani. Ikionyesha faili, ni UEFI. Piga picha ya majibu kwa simu kabla hujabadilisha chochote.

Usiamini herufi. `sda` ya leo inaweza kuwa `sdb` kesho, kwa sababu keneli hugawa majina kwa kadiri diski zinavyojitokeza. Hata `hd0` ya GRUB haina mkataba na `sda` ya keneli. Itambue diski kwa ukubwa na modeli yake.

## Dalili ya 1: Inawaka vizuri, lakini ni mfumo wa zamani

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, hasa kwenye laptopu zilizotumika ambazo mwenyewe ameweka SSD na kuihamishia ile HDD ya zamani mahali palipokuwa na kisomea DVD.

Chanzo cha kwanza: diski mbili zenye UUID moja. Ukinakili diski nzima kwa `dd` au Clonezilla, unanakili kila kitu, pamoja na UUID, yaani namba ya utambulisho wa patisheni. Hali huonekana hivi (namba nimezifupisha, na safu za MODEL na PARTUUID nimeziacha):

```
NAME     SIZE  FSTYPE UUID           MOUNTPOINT
sda    447.1G
├─sda1   512M  vfat   7A1C-40E2
└─sda2 297.6G  ext4   5d0b6c1e-...
sdb    298.1G
├─sdb1   512M  vfat   7A1C-40E2      /boot/efi
└─sdb2 297.6G  ext4   5d0b6c1e-...   /
```

Tazama safu ya UUID: `sda2` na `sdb2` ni pacha. SSD ni ile ya 447.1G, lakini mzizi umepachikwa kutoka `sdb2`, yaani HDD. GRUB iliambiwa itafute `5d0b6c1e`, ikapata mbili, ikachukua mojawapo. Keneli nayo ikafanya vivyo hivyo, na si lazima zichague diski moja. Kesho huenda mambo yakageuka, ndipo mtu anaposema faili zake "zinapotea na kurudi".

Jaribio rahisi: zima, chomoa waya wa HDD au itoe kabisa, washa. Ikiwaka kutoka SSD, umepata jibu. Kama huihitaji HDD ndani ya mashine, iache nje na kazi imekwisha. Lakini kabla hujaifuta, hakikisha kazi za siku za karibuni hazikuandikwa huko. Mara nyingi zimo huko huko.

Ukitaka diski zote mbili zibaki, badilisha namba ya ile ya zamani. Usiguse ya mpya. Washa kwa flashi ya Linux, patisheni husika zikiwa hazijapachikwa, thibitisha kwa ukubwa kwamba `sdb` ndiyo HDD, kisha:

```
sudo e2fsck -f /dev/sdb2
sudo tune2fs -U random /dev/sdb2
sudo sgdisk -G /dev/sdb
```

Amri ya mwisho inabadilisha PARTUUID (namba iliyoandikwa kwenye jedwali la patisheni) kwa diski zenye jedwali la aina ya GPT, kwani nazo zilinakiliwa. Kwa XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili, tumia `xfs_admin -U generate`. Kwa swap, `swaplabel -U` ikifuatwa na namba mpya uliyoipata kwa `uuidgen`. Ile patisheni ndogo ya vfat hubadilishwa kwa `mlabel -n -i /dev/sdb1 ::` kutoka kwenye kifurushi cha mtools. Baada ya hapo HDD haitaweza kuwaka yenyewe, maana `fstab` na GRUB zake bado zinataja namba ya zamani. Kwa diski ya kuhifadhia data hilo si hasara.

Zingatia: XFS ikiona pacha hukataa kupachika ya pili, na hilo ni jambo jema. Btrfs haina ulinzi wa namna hiyo. Ukiwa na nakala mbili za Btrfs zenye UUID moja na zote zimechomekwa, usipachike hata moja. Zima, toa moja, ichomeke kwenye mashine nyingine isiyo na pacha wake, na ubadilishe namba huko kwa `btrfstune -u`. Data huharibika hapa bila onyo.

Tena, si kila UUID inayojirudia ni kosa. Safu ya FSTYPE ikisema `linux_raid_member`, au Btrfs yako iliundwa kwa diski kadhaa, namba moja kwa wote ndiyo utaratibu wenyewe. Ukiibadilisha unavunja RAID, yaani kundi la diski zinazofanya kazi kama moja.

Chanzo cha pili: fimwea inaanza na diski isiyofaa. Kwenye UEFI andika `sudo efibootmgr -v`. Utaona orodha ya `Boot0001`, `Boot0003` na kadhalika, na mbele ya kila moja kuna PARTUUID ya patisheni ya EFI inayolengwa, yaani ile ndogo ya vfat. Linganisha na jibu la `lsblk`. Ni kawaida kukuta mistari miwili inayoitwa `ubuntu`, kila mmoja ukielekea diski yake. Panga upya kwa `sudo efibootmgr -o 0003,0001` kwa namba zako, au ingia kwenye mipangilio ya BIOS ufanye huko. Kama mpangilio unajirudia wenyewe kila umeme ukikatika, na saa ya kompyuta nayo inarudi nyuma miaka, badilisha betri ya ubao mkuu. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, na hakuna amri ya Linux itakayoziba pengo lake.

Chanzo cha tatu: kijifaili cha EFI kinaelekeza kwingine. Ubuntu na Debian huweka faili fupi sana ndani ya `/boot/efi/EFI/ubuntu/grub.cfg` (au `EFI/debian`). Mstari wa kwanza unaanza na `search.fs_uuid` ukifuatiwa na UUID. Hapo ndipo GRUB inapoambiwa ikasome menyu yake halisi kwenye patisheni gani. UUID hiyo ikiwa ya diski ya zamani, unaweza kupiga `update-grub` kwenye SSD mpaka usiku bila mabadiliko yoyote, kwa kuwa unaandika menyu isiyosomwa na mtu. Rekebisha kwa kuhakikisha patisheni ya EFI sahihi imepachikwa `/boot/efi`, kisha `sudo grub-install` na `sudo update-grub`.

Cha mwisho na cha nadra: menyu ina mifumo miwili na chaguo-msingi ni ule wa zamani. Angalia `GRUB_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`. Kumbuka pia kwamba tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo ya diski nyingine isipoamriwa, hivyo mfumo wako kutoonekana kwenye menyu hakumaanishi umefutika.

## Dalili ya 2: `grub rescue>` na `error: no such device`

Hapa GRUB imeanza, ila haipati patisheni yake. Sababu ya kawaida ni patisheni iliyofutwa, kuhamishwa au kuumbizwa upya, mara nyingi na mtu aliyekuwa ndani ya Windows akitafuta nafasi. Inayofuata ni diski iliyotolewa au waya uliolegea.

Andika `ls`. Utaona kitu kama `(hd0) (hd0,gpt1) (hd0,gpt2) (hd1) (hd1,msdos1)`. GRUB huhesabu diski kuanzia 0 na patisheni kuanzia 1. Jaribu moja moja: `ls (hd0,gpt2)/boot/grub`. Ikijibu `unknown filesystem`, endelea na nyingine. Ukipata yenye faili za GRUB:

```
set root=(hd0,gpt2)
set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
insmod normal
normal
```

Kama `/boot` ina patisheni yake, ondoa neno `/boot` kwenye njia. Fedora na ndugu zake wanatumia folda ya `grub2`. Menyu ikitokea, ingia, kisha fanya marekebisho ya kudumu: kwenye BIOS ni `sudo grub-install /dev/sda`, diski nzima, si `sda2`. Kwenye UEFI ni `sudo grub-install` patisheni ya EFI ikiwa imepachikwa. Zote mbili zifuatwe na `sudo update-grub`. Fedora yenye UEFI usitumie `grub2-install`. Sakinisha upya vifurushi kwa `sudo dnf reinstall shim-* grub2-*`.

Kama ujumbe unasema `symbol 'grub_calloc' not found`, chanzo ni kingine. Mwezi Julai 2020 yalitoka masasisho ya kuziba tundu la usalama lililoitwa BootHole, na mashine kadhaa za Debian na Ubuntu zenye BIOS zikagoma kuwaka. Sasisho liliandika sehemu ya mwanzo ya GRUB kwenye diski moja huku fimwea ikianzia nyingine, hivyo sehemu ya zamani ikakutana na moduli mpya zisizoelewana nayo. Bado hutokea kwa yeyote aliyebadilisha diski bila kukijulisha kifurushi. Washa kwa flashi, ingia kwa chroot, yaani ndani ya mfumo ulioko kwenye diski (hatua ziko dalili ya nne), andika `dpkg-reconfigure grub-pc` na uchague diski ambayo mashine huanzia kweli.

Kama `ls` haionyeshi patisheni yoyote ya Linux, acha kujaribu. Ama imefutwa, ama diski haionekani. Usisakinishe chochote juu yake.

## Dalili ya 3: Unaangushwa kwenye `(initramfs)` au dracut

Ujumbe ni `ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!` Fedora, ambayo initramfs yake hutengenezwa na dracut, husema `/dev/disk/by-uuid/... does not exist`, na huacha ripoti ndani ya `/run/initramfs/rdsosreport.txt`. GRUB imemaliza kazi yake. Sasa keneli inatafuta mzizi na haiuoni.

Andika `blkid`, kisha soma jibu.

Diski ipo, ila UUID ni tofauti na iliyotajwa: hiki ndicho chanzo cha kawaida, baada ya kuumbiza upya au kurudisha nakala ya akiba kwenye diski mpya. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, sahihisha `root=UUID=`, kisha Ctrl+X. Hilo ni la safari moja tu. Ukishaingia, sahihisha `/etc/fstab`, halafu `sudo update-grub` na `sudo update-initramfs -u -k all`. Kwenye Fedora anwani hukaa kwenye faili za `/boot/loader/entries`, na hubadilishwa kwa `sudo grubby --update-kernel=ALL --args="root=UUID=..."`.

Diski ipo na UUID ni ileile: ilichelewa kujitokeza. Andika `exit`. Ikiendelea kuwaka bila tabu, ongeza `rootdelay=10` kwenye mstari wa `linux`. Diski zilizounganishwa kwa USB zina tabia hii.

Hakuna diski kabisa: angalia waya, kisha mipangilio ya BIOS. Kwenye laptopu za Intel, hali ya RAID, RST au VMD (namna Intel inavyosimamia diski) inaweza kuificha SSD ya NVMe isionekane na Linux. Kubadilisha kwenda AHCI, hali ya kawaida, husaidia, lakini kama kuna Windows kwenye mashine hiyo, simama kwanza. Windows inaweza kukataa kuwaka, na kama BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, imewashwa utaombwa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Usiguse mpangilio huo kabla ufunguo haujawa mkononi mwako.

Ukikutana na `Kernel panic ... unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`, mara nyingi tatizo ni initramfs iliyokosekana, si diski. Chagua keneli ya zamani kwenye menyu ya chaguo za ziada, ingia, na utengeneze initramfs upya. Angalia na `df -h /boot` kabla. Ikiwa imejaa, ndiyo sababu haikuandikwa.

## Dalili ya 4: Inawaka flashi ikiwemo tu, au leo ndiyo kesho hapana

Tafuta `root=/dev/sd...` kwenye jibu la `cat /proc/cmdline`. Ikiwepo, ndicho chanzo.

Huwa inaingia hivi. Mtu amewasha kwa flashi ili arekebishe GRUB. Flashi imechukua jina la `sda`, diski ya ndani ikawa `sdb`. Ameingia chroot bila kupachika `/dev` kikamilifu. Hati ya GRUB inayotengeneza menyu hukagua kama UUID ipo ndani ya `/dev/disk/by-uuid`; isipoikuta, huandika jina la kifaa, yaani `root=/dev/sdb2`. Akichomoa flashi, diski ya ndani inarudi kuwa `sda`, na `sdb2` haipo tena. Flashi ikirudi, inawaka. Mwenye mashine huamini flashi yenyewe ndiyo iliyobeba mfumo.

Ingia upya kwa njia kamili:

```
sudo mount /dev/sdb2 /mnt
sudo mount /dev/sdb1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
update-grub
grep -n 'root=' /boot/grub/grub.cfg
```

Mstari wa `boot/efi` ni wa UEFI pekee. Amri ya mwisho ndiyo ya kukagua: kila mstari wa `linux` uonyeshe `root=UUID=`. Kama bado ni jina la kifaa, tazama `/etc/default/grub`; huenda kuna `GRUB_DISABLE_LINUX_UUID=true` iliyoachwa na mtu.

Raspberry Pi haitumii GRUB, lakini kosa ni lilelile. Ukinakili kadi ya SD kwenda SSD na kuziacha zote, kadi huanza kwanza kwa mpangilio wa kawaida, na `cmdline.txt` yake inataja PARTUUID ambayo sasa ziko mbili. Toa kadi.

## Dalili ya 5: Inasubiri sekunde 90, kisha `emergency mode`

Mzizi ni sahihi. Kosa liko kwenye `/etc/fstab`, mstari unaotaja diski isiyokuwepo. Ingia kwa nywila ya root, weka `#` mwanzoni mwa mstari huo, washa upya. Kwa diski za nje ongeza `nofail`.

## Wapi pa kuishia na kumwita fundi

Zima mashine mara moja kama diski inagonga au kukwaruza, au `dmesg` inatoa `I/O error` mfululizo. Kila unapoiwasha unapunguza kinachoweza kuokolewa. Usipige `fsck` kwenye diski inayokufa. Huandika, na kuandika ndiko kunakoimaliza. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuokoa data, ambaye ataichukua nakala kwanza ndipo aguse lolote.

Simama pia kama FSTYPE inasema `crypto_LUKS`, yaani patisheni imesimbwa, na huna nakala ya kichwa chake (sehemu ya mwanzo yenye funguo), au kama ni seva yenye RAID ambayo diski moja tayari imetoka. Na usiwahi kujibu ndiyo pale kisakinishi kinapopendekeza kuumbiza patisheni ili "kurekebisha" tatizo la kuwasha.

Ukimpelekea fundi, mpe picha ya ujumbe wa kwanza uliotokea (si wa mwisho), majibu ya zile amri nne za mwanzo, na umwambie bila kuficha ni diski ipi ilinakiliwa kwenda ipi, na lini.